Kabla Hujasema "Nimemwachia Mungu": Mwongozo Kamili kwa Anayesitasita

Mwezi wa nane, kabla msimu wa korosho haujachangamka, mwenye nyumba mmoja wa Mtwara mjini aliniambia ana fremu inabaki wazi. Mimi ni fundi cherehani, na wakati huo nilikuwa nashonea barazani kwangu, Mikindani. Anayeijua biashara ya huku anajua Oktoba ina maana gani: minada ikianza, hela inashuka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi, sherehe zinafuatana, na kila mama anataka dera jipya. Fremu ilikuwa mahali pazuri.

Yule baba aliniuliza mara tatu. Mara zote tatu nilimjibu, "Nimemwachia Mungu, baba." Oktoba nilipita pale nikakuta vyerehani viwili vya mtu mwingine, na foleni ya wateja. Hakuna aliyenidhulumu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nalisikiliza hilo neno kila linapotamkwa: sokoni, msibani, kwenye vikao vya vikoba. Neno lenyewe ni zuri, ndiyo tawakali yenyewe, yaani kumtegemea Mungu. Tatizo ni pale tunapoliweka. Aya ya 159 ya Suratu Aal Imran inamwambia Mtume (s.a.w.) ashauriane na watu wake katika mambo, kisha inasema: ukishaazimia, mtegemee Mwenyezi Mungu. Kwanza ushauri, halafu azma, ndipo tawakali. Sisi tunaanzia mwisho, na hizo mbili za mwanzo hatuzifiki kabisa.

Yafuatayo ni yale ninayoyafuata sasa. Nimeyaandika kwa njia ya Kiislamu kwa sababu ndiyo niliyolelewa nayo. Jirani yangu mwenye asili ya Masasi ni Mkristo, tunapelekeana sahani Pasaka na Idi, na ananiambia ugonjwa huu hata kanisani kwao umejaa. Naye achukue kinachomfaa.

Hatua ya kwanza: liandike

Chukua karatasi, hata nyuma ya risiti. Andika jambo lako kwa sentensi moja inayojibika kwa ndiyo au hapana, na uweke siku ya mwisho. "Sijui nifanyeje na maisha yangu" haijibiki. "Nichukue fremu kwa miezi sita, jibu kabla ya Ijumaa" inajibika. Utashangaa ni mara ngapi mtu anasitasita mwezi mzima kwa jambo ambalo hajawahi kulitamka likakamilika.

Chini ya sentensi hiyo andika unaogopa nini, bila kujipamba. Zangu zilikuwa tatu. Hofu ya hasara: hiyo inapimika, tutaifikia. Hofu ya maneno ya watu: haipimiki, na watasema tu hata ukikaa kimya ndani. Ya tatu ndiyo iliyonishika shingo, hofu ya kulaumiwa. Nilikuwa natafuta wa kubebeshwa mzigo mambo yakiharibika. Nikishasema nimemwachia Mungu, kwenye kikao cha ukoo nani atanihoji tena? Astaghfirullah, lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliita imani kitu ambacho kilikuwa woga uliovalishwa kanzu.

Hatua ya pili: toa yaliyokwisha kuamuliwa

Yapo mambo ambayo hayana haja ya kuombewa mwongozo kwa sababu mwongozo ulishakuja. Huombi uongozwe kama uswali au usiswali, wala kama ule mali ya yatima.

Mfano wa huku kwetu ni kangomba, ile biashara ya korosho ya kinyemela. Mwezi wa sita au wa saba mkulima amebanwa, ada ya mtoto inadaiwa, salfa ya kupulizia mikorosho haijanunuliwa. Anakuja mtu na pesa mkononi, anataka korosho ambazo bado ni maua mtini, kwa kipimo chake na kwa bei yake. Mkulima anakaa wiki nzima hajui la kufanya, na mwisho anasema ataswali kwanza. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kufaa, na hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Sheria ya nchi nayo inataka korosho zipite chama cha msingi na stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza huku msimu wa 2007. Pande zote mbili zimeshasema. Kinachobaki ni swali jingine kabisa: hiyo ada nitaipata wapi? Hilo ndilo la kuandika kwenye karatasi na kulishughulikia, na ni gumu, silifanyi jepesi.

Toa pia vitu vidogo. Kumwomba Mungu katika kila jambo ni ibada, hata kamba ya kiatu mwombe. Ila kama umesimama robo saa ukichagua kati ya changu na tasi huku muuza samaki anakutazama, shida yako hapo ni mazoea. Nitalirudia chini.

Hatua ya tatu: funga ngamia

Mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake: nimfunge kisha nitegemee, au nimwachie kisha nitegemee? Akajibiwa amfunge, kisha ategemee. Imepokewa na Tirmidhi. Huku hatuna ngamia, lakini mama anayekwenda kutafuta pweza anaijua hadithi hii hata kama hajaisoma. Anahesabu siku za mwezi, anangoja bamvua maji yakauke mpaka mwambani. Hatoki siku ya maji mafu akasema Mungu atampa. Na mvuvi hatweki tanga kabla hajatazama kusi imeamkaje.

Kwa upande wangu, ngamia ilikuwa hesabu, na hiyo hesabu sikuifanya mpaka fremu ilipokwisha chukuliwa. Nikupe ilivyokuwa. Kodi shilingi 80,000 kwa mwezi. Umeme na usafi 15,000. Nauli ya Mikindani na kurudi, weka 45,000. Jumla 140,000. Kwa dera moja, nikishatoa uzi na vikorokoro, nabaki na 5,000. Kwa hiyo madera 28 kwa mwezi yanalipa kila kitu, na barazani pale bila hata kibao cha tangazo nilikuwa nashona zaidi ya hayo. Upande wa ubaya: mwenye nyumba alitaka miezi sita mbele, yaani 480,000. Nikianguka kabisa, hizo ndizo zinazopotea. Inauma, lakini haiuzi nyumba.

Dakika kumi za kalamu zingenipa majibu ambayo wiki tatu za kukosa usingizi hazikunipa.

Kwa mkulima, ngamia ni kwenda kumuuliza bwana shamba, au watafiti wa Naliendele ambao wako hapo hapo mlangoni petu, ni lini hasa apulize na apulize nini. Ugonjwa wa ubwiriunga ukishaingia kwenye maua ya mkorosho hausubiri mtu amalize kuwaza. Kwa anayetaka kukopa, ngamia ni kusoma mkataba wote, na kuuliza kama mna riba, kabla ya kusaini.

Hatua ya nne: watu watatu, wasizidi

Mmoja awe anaijua kazi yenyewe. Mmoja awe anakujua wewe, pamoja na udhaifu wako. Wa tatu awe mcha Mungu asiye na faida yoyote katika jibu lako. Ukivuka hapo unatafuta wa kukubembeleza. Nimewahi kuuliza watu kumi na moja kuhusu jambo moja, nikaondoka na majibu kumi na moja na kichwa kinauma.

Kwetu kusini mjomba ana sauti yake, hasa kwenye ndoa na mali, na sikuambii umruke. Mwulize kwa adabu. Ila tofautisha kuomba ushauri na kuomba ruhusa, na ujue mapema umekwenda kwa kipi, maana wengi tunaomba ruhusa kwa sura ya ushauri, kisha tunanuna tukikataliwa.

Mshauri mzuri anasema wazi. Fatima binti Qays alipoposwa na watu wawili, Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.). Hakuambiwa "wote ni wazuri, omba Mungu." Aliambiwa Muawiya ni fukara asiye na mali, na Abu Jahm fimbo yake haishuki begani, yaani ni mwepesi wa kupiga, kisha akashauriwa aolewe na Usama. Mwanzoni hakumpenda Usama. Baadaye alisema Mungu alimtilia kheri nyingi katika ndoa ile. Hadithi imo kwa Muslim. Kwa hiyo ukimuuliza mtu akakujibu "we mwenyewe tu utakavyoona," shukuru, nywa chai yake, nenda kwa mwingine.

Hatua ya tano: istikhara

Istikhara ni swala na dua ya kumwomba Mungu akuchagulie. Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo panapopotoshwa zaidi.

Jabir bin Abdillah anasimulia, kwa Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha istikhara katika mambo yote kama alivyowafundisha sura ya Qur'an. Unaswali rakaa mbili zisizo za faradhi. Kwa tahadhari epuka nyakati zilizokatazwa swala za sunna, kama baada ya Alasiri mpaka jua lizame na baada ya Alfajiri mpaka jua lipande. Ukimaliza unaomba dua yake. Kiarabu chake kimo karibu katika kila kitabu cha dua, mwombe ustadhi akusahihishie matamshi. Mwanamke aliye katika siku zake anaweza kuomba dua bila swala.

Maana yake ni hii: Ewe Mwenyezi Mungu, nakuomba unichagulie kwa ujuzi wako, nakuomba uniwezeshe kwa uwezo wako, na nakuomba katika fadhila zako kubwa. Wewe unaweza, mimi siwezi. Wewe unajua, mimi sijui. Nawe ndiye mjuzi wa yaliyofichika. Ikiwa unajua kuwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa mambo yangu, nikadirie, nirahisishie, kisha unibarikie ndani yake. Na ikiwa unajua ni shari kwangu, liepushe nami na uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Pale penye "jambo hili" unalitaja. Na hapo ndipo ile karatasi ya hatua ya kwanza inapofanya kazi, maana asiyejua anaomba nini hupita pale akinong'ona tu.

Itazame dua ilivyo. Hakuna mahali inaposema "nioneshe ndotoni." Inasema nirahisishie, na liepushe. Njia inarahisishwa au inafungwa chini ya miguu ya anayetembea. Aliyekaa kitako atajuaje kama mlango umefungwa?

Binti mmoja alikuja kwangu kupima nguo ya harusi ya mdogo wake. Baada ya "shikamoo mama" na "marahaba mwanangu" akatulia, kisha akaniambia ameposwa na seremala wa Lindi na yuko mwezi wa tatu anaswali istikhara akingoja ndoto. Ndoto zilikuja za kila namna. Moja ilimliza wiki nzima: basi limewaharibikia juu ya daraja la Mkapa, pale Rufiji, usiku.

"Hiyo uliota lini?"

"Jumapili, mama."

"Na Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natoka Dar."

"Kwa basi?"

Akacheka mwenyewe. Nilipomuuliza nani kwao amekwenda Lindi kumwulizia huyo kijana, jibu lilikuwa hakuna. Miezi mitatu ya swala, na hakuna aliyepanda gari kwenda kuuliza. Mjomba wake akaenda, akauliza msikitini, akauliza karakana za jirani. Alirudi na sifa nzuri mbili na deni moja kubwa ambalo kijana hakulisema. Binti akakubali posa kwa sharti deni liishe kwanza. Harusi ilichelewa miezi mitano.

Istikhara haina idadi iliyotajwa katika hadithi ile. Rudia ukihisi haja, lakini siku uliyoandika kwenye karatasi ikifika, imefika. Usimlipe mtu akuswalie ukae nyumbani kungoja matokeo. Na ile njia nyingine, ya kwenda usiku kwa mpiga ramli akuangalizie nyota "ili kuhakikisha", hiyo inabatilisha yote uliyoyasema kwenye sijda. Najua wanaofanya vyote viwili kwa wiki moja. Na wewe unawajua.

Hatua ya sita: vaa deraya

Kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliwashauri watu: tubaki ndani ya Madina au tutoke? Yeye alielekea kubaki. Vijana, wengi wao waliokosa Badr, walitaka kutoka. Akaingia nyumbani, akavaa deraya, vazi la chuma la vitani. Alipotoka wakawa wamejuta, wakasema bora tubaki. Akawajibu kwamba Nabii akishavaa deraya haimpasi kuivua mpaka apigane.

Deraya ni lile tendo dogo linalokutoa kwenye kuwaza na kukuingiza kwenye kutenda. Lichague mapema, na liwe ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona: kulipa kishika nafasi, kupiga simu, kumwambia mwenye shamba "hapana, asante". Hapana nayo ni uamuzi, na inahitaji deraya yake. Weka saa. Mimi napenda asubuhi, nikitoka mlangoni na dua ile fupi ya kutoka nyumbani: Bismillahi, tawakkaltu ala Allah, la hawla wala quwwata illa billah. Neno la tawakali limewekwa mlangoni, mtu akiwa na viatu mguuni.

Na kama umeganda, na wenzako wamegandia kwako, kumbuka Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria. Mkataba umeshasainiwa, masahaba wana uchungu, Mtume (s.a.w.) amewaambia mara tatu wachinje na kunyoa na hakuna aliyenyanyuka. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama. Mama yule akamwambia: toka, usiseme na yeyote, chinja mnyama wako na umwite kinyozi wako. Akafanya. Walipomwona wakainuka wote. Hotuba ya nne haikuhitajika.

Hatua ya saba: baada ya kuamua

Usiku wa kwanza baada ya kulipa au kusema, hofu inarudi. Itarajie. Jiulize swali moja: kuna habari mpya, au ni hofu ile ile ya zamani? Habari mpya ni kama umegundua fremu ina kesi mahakamani. Hapo rudi hatua ya tatu bila aibu. Hofu ya zamani ina maneno yale yale uliyoyaandika kwenye karatasi. Ilinganishe nayo, kisha lala.

Weka siku ya kukagua, tuseme baada ya miezi mitatu. Kabla ya hapo usifukue mbegu kuangalia kama imeota.

Na ikiharibika? Swali hili watu wanalikwepa, wanakuambia ukimtegemea Mungu mambo yatanyooka tu. Rudi Uhud. Palikuwa na ushauri, palikuwa na azma, palikuwa na Mtume mwenyewe. Waislamu kiasi cha sabini waliuawa siku ile, akiwemo ami yake Hamza, na yeye akajeruhiwa usoni. Aya ya 159 niliyoitaja mwanzo imekuja humo humo katika maelezo ya Uhud, baada ya maumivu yale. Na inamwambia nini? Wasamehe, waombee msamaha, na endelea kushauriana nao. Haikusema ushauri ulikuwa kosa. Haikusema safari nyingine usitegemee. Mimi hapo ndipo nilipofunguka macho: tawakali haikuwa bima ya faida. Unaweza kuamua vizuri na ukapata hasara, na ule uamuzi ukabaki kuwa mzuri.

Kwa hiyo likikupata, ipo hadithi kwa Muslim: jitahidi katika linalokunufaisha, mwombe Mungu msaada, wala usilegee, na likikufika jambo usiseme "lau ningefanya hivi", sema Mungu amekadiria na alilotaka amelifanya, kwa kuwa "lau" hufungua mlango wa shetani. Nilikaa na "lau" ya ile fremu karibu mwaka mzima. Haikunirudishia hata mteja mmoja.

Mazoezi ya wiki

Moyo uliozoea kusitasita haunyooki kwa jambo kubwa. Uanzishie madogo. Sokoni, nunua samaki kwa mtu wa pili unayemfikia, usizunguke mara ya tatu. Ujumbe wa simu unaohitaji jibu, jibu kabla ya swala inayofuata. Kivuko cha Msangamkuu kikipiga honi, panda au geuka urudi nyumbani, usisimame kwenye ngazi. Kila jioni andika maamuzi matatu uliyoyafanya na uone mangapi yalikuua. Wiki yangu ya kwanza nilinunua tasi waliolala, tukala hivyo hivyo na ndimu nyingi.

Jambo moja zaidi. Kama umefika mahali usingizi haupo wiki kadhaa, moyo unadunda, huwezi kuchagua hata nguo ya kuvaa, hilo si udhaifu wa imani na mwongozo huu hautoshi. Nenda ukamwone daktari, Ligula au kituo chochote kilicho karibu, ueleze kama unavyoeleza homa. Nako ni kufunga ngamia.

Mimi mwenyewe nina karatasi ukutani sasa hivi, juu ya cherehani. Imeandikwa: "Nimchukue binti wa pili wa kufundisha kazi kabla ya msimu, jibu kabla ya tarehe 15." Hesabu nimefanya, watu wawili nimeuliza, wa tatu ni shemeji yangu wa Newala ambaye simu yake haipatikani tangu juzi. Rakaa mbili nitaziswali usiku wa leo, na akiendelea kutopatikana, keshokutwa asubuhi nampigia mama wa yule binti.